Seti ya elektrolisisi kwa maabara ya shule: uzoefu wangu

Nafundisha kemia kidato cha tatu, na tangu shule inunue seti hii sifundishi tena elektrolisisi (kuchanganua kemikali kwa umeme) kwa chaki peke yake. Ndani kuna chombo cha plastiki inayoonesha, mirija miwili yenye alama za mililita, vijiti vya kaboni, vipande vya shaba na amita (kipima mkondo wa umeme). Inatumia betri za volti 6, kwa hiyo umeme ukikatika kipindi kinaendelea.

Penye uhondo ni kwenye myeyusho wa mrututu (salfati ya shaba, yenye rangi ya buluu). Ukiweka vijiti vya kaboni, haichukui muda kathodi (kijiti cha upande hasi wa betri) inavaa rangi ya shaba, huku anodi (cha upande chanya) ikitoa vipovu vya oksijeni. Ioni (chembe zenye chaji) za haidrojeni nazo zimo, lakini shaba inazitangulia kupokea elektroni. Upande wa pili haidroksidi (ioni itokayo kwenye maji) inaachia elektroni zake na salfati inabaki kama ilivyo. Buluu inapauka taratibu. Sasa weka shaba pande zote mbili: buluu haitoki! Anodi yenyewe inalika, na ioni inazotoa zinafidia zile zinazoganda kathodi. Hapo wanafunzi wangu walibishana mpaka kengele ikalia, na ubishi ule nilikuwa nautafuta miaka yote.

Amita inaaminika. Ukipitisha ampea 0.5 kwa dakika 30, hesabu ya Faraday ya kupata uzito kutokana na umeme uliopita (kulombu 96,500 kwa kila moli ya elektroni) inadai shaba ya gramu 0.30 hivi, na mizani yetu husoma karibu na hapo. Suuza kathodi polepole tu, maana tabaka jipya likisuguliwa linabanduka.

Kijitabu chake ndicho kilichoniudhi. Kinasema maji ya chumvi hutoa klorini kwenye anodi, basi, bila kutaja kwamba chumvi ikiwa kidogo sana hutoka zaidi oksijeni. Kwa mtihani hilo ni kosa kubwa. Klorini yenyewe si ya kuchezea: fungua madirisha, zima mapema. Pia inatia kutu vibanio vya waya, na vyetu vimeshachakaa. Vijiti vya kaboni humomonyoka na kuacha chenga nyeusi chini. Waambie wanafunzi mapema wasije wakaziandika kama zao la kathodi.

Kwa shule isiyo na maabara kamili, naipendekeza kwa moyo wote. Mkinunua, ombeni vibanio vya akiba hapohapo dukani.