Gereji yetu ya chini ya mkungu imefungwa: uzoefu wangu wa miaka saba

Ujumbe uliingia Jumatano usiku, wote kwa herufi kubwa kama kawaida ya mzee wa gereji: "JUMAMOSI TUNAFUNGA MOJA KWA MOJA. MWENYE GARI LAKE AJE ALICHUKUE. MWENYE DENI ANAJIJUA." Nikacheka. Halafu nikarudi pale kwenye "moja kwa moja", kicheko kikakata.

Toyota IST yangu imekuwa ikitengenezwa pale Kijitonyama, Dar, tangu 2018. Kibao hakikuwepo. Ukimwelekeza mtu unamwambia afuate barabara ya vumbi mpaka aone mkungu mkubwa, na asipaki chini yake maana kungu zikidondoka zinagonga boneti kama mawe. Kiwanja hakikuwa chao. Mwenye nacho alifariki, warithi wakauza, aliyenunua anapandisha ghorofa. Walipewa miezi mitatu, sisi wateja tukaambiwa zimebaki siku tatu. Lawama yangu ya kwanza hiyo, na nilimwambia mzee usoni. Akajibu, "Ningewaambia mapema mngehama, na mimi nilikuwa na kodi ya kumalizia."

Nilifika pale nikiwa nimeshachoshwa na gereji nyingine, ambayo siitaji. Taa ya injini ilikuwa inawaka. Wakanibadilishia plagi zote nne, wakasafisha nozo, wakaweka sensa mpya. Jumla Sh 380,000. Taa inazima siku mbili, ya tatu inarudi. Na petroli iliyokuwa inanifikisha Ijumaa ikawa inakata Jumatano. Mwanamke ukiingia gereji peke yako unajua mwenyewe: hata kabla hujafungua boneti bei imeshapanda.

Mzee hakugusa mashine ya kupimia. Alisema gari liachwe lipoe kabisa, nirudi saa nane. Niliporudi akaliwasha, akashika mpira wa juu wa rejeta, akaniita. "Weka mkono hapa, binti yangu." Nikaweka. Baada ya dakika chache ulikuwa vuguvugu. "Haikutakiwa iwe hivi. Ulitakiwa ukae baridi kwanza, halafu uje kuwa wa moto kwa mpigo. Walikutolea themostati."

Kwa wasioijua, ni kivalvu kidogo, kinatosha kiganjani. Kinazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake, nyuzi 80 na kitu. Kikitolewa, maji yanazunguka tangu unapowasha, injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaona bado ni asubuhi na inazidi kuongeza petroli. Nikamuuliza swali ambalo kila fundi wa mjini ameshatujibu: si Dar kuna joto, themostati ni ya Wajapani wenye theluji? Akafuta mikono kwenye ovaroli. "Joto la Dar nyuzi 33. Injini inataka zaidi ya 80. Kwa injini, Dar ni friji."

Themostati, kulanti (yale maji maalumu ya rejeta) na ufundi havikufika hata Sh 100,000. Taa haijawaka tena mpaka leo. Akanikataza na kuweka maji ya bomba kwenye rejeta, achilia mbali ya kisima. Akanionyesha rejeta ya mteja mwingine aliyoipasua, ndani kumejaa kutu na chokaa kama sufuria la kuchemshia maji ya chai.

Kilichonifanya nibaki ni kwamba ukibadilishiwa kitu, cha zamani unakabidhiwa mkononi, grisi na yote. Bushi, breki pedi, hata plagi. Mwanzo niliona uchafu tu. Baadaye ndiyo nikaelewa. Ukienda mtaa wa Gerezani kununua spea umeshika sampuli, muuzaji hana pa kukuzungushia, na fundi naye hana pa kujificha. Nyumbani nina ndoo imejaa vyuma hivyo, mume wangu ananiuliza nafungua skrepa lini.

Sasa mabaya, maana haya ni maoni yangu na sio hotuba ya msibani. "Kesho asubuhi" ya pale ni kesho kutwa jioni, na ikiangukia Ijumaa basi ni Jumanne. Risiti ya mashine sahau. Kazini niliwahi kunyimwa marejesho ya matengenezo kwa sababu hiyo na nililipa mfukoni. Tena mwaka juzi dogo mmoja alisahau spana namba 10 juu ya injini. Nikaendesha mpaka Mwenge nasikia kitu kinagonga, nimeshaanza kupiga hesabu za injini mpya. Nilipowapigia, sikusikia pole. Nilisikia kelele za furaha: "Imepatikana!" Kumbe walikuwa wanaitafuta tangu asubuhi.

Jumamosi nilifika saa tatu. Nilitegemea nikute huzuni, nikakuta kazi. Magari tisa foleni, kila mtu anataka servisi ya mwisho, kana kwamba oili ya siku hiyo ina baraka. Jeki na mtungi wa gesi vilikuwa vimeshauzwa, kwa hiyo walikuwa wanaazima jeki za wateja wenyewe kutoka kwenye buti. Wadaiwa wengine walikuja kulipa kwa aibu. Wengine walifanya kuaga kwao kwa kutopokea simu, na fundi wa bodi aliwapigia mmoja mmoja, spika wazi, sote tunasikiliza inavyoita mpaka inakata.

Fundi umeme alipofika kwangu aliwasha gari, akatulia kusikiliza. Kwenye hili gari kuna kile kifaa cha kulipia barabara za Japani. Kila ukiwasha, sauti ya kike inakwambia kwa Kijapani kuwa kadi haijawekwa. Mwaka ule wa kwanza alitaka kukiondoa, mwanangu akaangua kilio, kikabaki. Tangu siku hiyo sauti ile jina lake ni shemeji. Sauti ikatoka. Akatabasamu, akaigongea dashibodi mara mbili. "Haya shemeji, tusameheane." Akazima, akaenda gari la pili. Yeye anahamia Tegeta kwa mwenzake, na namba yake ni ile ile. Wa bodi kapata sehemu Tabata. Dogo wa spana kachukua bajaji ya mkataba. Nilimwambia aangalie asisahau abiria.

Mzee anarudi kwao Korogwe. Alikuwa amekaa kwenye tairi na kaunta buku lake, lile ambalo kila gari lina ukurasa wake: tarehe, kilomita, kilichofanyika, na pembeni kalamu nyekundu kwa anayedaiwa. Alikuwa anachana kurasa. Polepole, kwa rula, ili usiharibike ule wa jirani. Ukurasa wangu umejaa pande zote mbili na mafuta yamepenya kona moja mpaka karatasi inaona mwanga. Mstari wa kwanza: themostati. Katikati kuna kitu sikuwahi kuambiwa, cha 2021, mwaka ambao nilikaa miezi bila kazi: "Wishiboni kulia. Ufundi asidaiwe."

Nikamuuliza ni nini hii. Akatazama kama anasoma mwandiko wa mtu mwingine. "Hesabu za zamani hizo. Mpe fundi mpya aanzie hapo, asikubabaishe."

Mkiniuliza alama, nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa zile kesho asubuhi, na spana nimeshaisamehe. Kama na wewe ulikuwa mteja na hukwenda Jumamosi, kurasa zilizobaki ameziacha kwa mama wa chapati ng'ambo ya barabara, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Mwenye wino mwekundu aende na hela, mama ameachiwa maagizo.

Kabla sijaondoka mzee alibandika kipande cha plasta kwenye fremu ya mlango wa dereva kama anavyofanya kila servisi, akaandika kilomita za kubadili oili tena: 148,200. Leo nimeshuka kazini, dashibodi inasoma 144,036.