Soksi za kubana au sindano ya mshipa?

Vali (vilango vidogo) za vena za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo, zikilegea, damu hurudi chini, mishipa ikavimba na kujipinda. Soksi za kubana huisaidia damu kupanda. Zivaliwe asubuhi, kabla miguu haijajaa. Hupunguza hali ya miguu kuwa mizito na maumivu, ila mshipa hauondoki: ukiziacha, dalili hurudi. Na kwa joto la Mombasa au Dar, kuzivaa kutwa kunataka moyo. Mwenye kisukari apimwe kwanza mtiririko wa damu miguuni, maana zaweza kumdhuru.

Sindano huingiza dawa, kama polidokanoli, inayouziba mshipa wenyewe. Damu hupita kwingine. Huenda ikarudiwa. Mjamzito asubiri ajifungue, atumie soksi. Wengine wenye maumivu ya kila siku, mimi ningewashauri wamuulize daktari kuhusu sindano.