Casio F-91W kwenye marathoni: saa isiyojua kasi yako

Casio F-91W imekuwapo sokoni tangu 1989, ina uzito wa gramu 21, na haijui umekimbia kilomita ngapi. Kwa mkimbiaji ambaye saa ya GPS, inayopima mwendo kwa setilaiti, humvuruga akili kila akiitupia jicho, upungufu huo ndio sababu ya kuinunua.

Kasi ya papo kwa papo kwenye GPS hurukaruka. Ukipita chini ya miti au kati ya maghorofa inasoma dakika 5:20 kwa kilomita, mara 6:05, na miguu yako haijabadili kitu. Mwenye wasiwasi huongeza mwendo kufidia kosa la mashine, halafu baada ya kilomita ya 30 miguu inagoma. Isitoshe, njia rasmi hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kukimbiwa, na hakuna anayekata kila kona sawasawa, kwa hiyo GPS mara nyingi hulia kabla hujafika kwenye kibao cha kilomita. Kudhani umeshamaliza kilomita 38 halafu kibao hakionekani kunavunja moyo kuliko mlima. Na milima nayo ipo: kwenye Kilimanjaro Marathon, mpando wa kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, huja nusu ya pili, ambako kasi lazima ishuke na kuitazama kasi hiyo ni kujitisha bure.

Ukiwa na F-91W unatazama mkono kwenye vibao vya kila kilomita 5 tu. Andika muda wa kila kibao kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa mkono. Kwa mwendo wa 5:40 kwa kilomita: kilomita 10 ni 56:40, 20 ni 1:53:20, 30 ni 2:50:00, 40 ni 3:46:40, na unamaliza kwa 3:59:06. Katikati ya vibao, kichwa kipewe kazi ndogo: mabega yamekaza? Pumzi je? Kama huwezi kusema sentensi nzima bila kukatika kabla ya kilomita ya 20, umeanza kwa pupa, na huhitaji setilaiti kulijua hilo.

Sasa kasoro kubwa. Stopwochi yake inahesabu mpaka dakika 59 na sekunde 59.99, kisha inaanza upya kutoka sifuri. Kilomita ya 30 itasomeka 50:00, na akili iliyochoka haikumbuki imeshaanza upya mara ngapi. Dawa ni kuiacha stopwochi na kutumia saa yenyewe. Iweke kwenye mfumo wa saa 24. Dakika mbili hivi kabla ya kuanza, bonyeza C (kitufe cha chini kushoto) mara tatu mpaka sekunde ziwake na kuzima. Kwa kitufe L (cha juu kushoto) hamia kwenye saa kisha dakika, uziweke 0:00 kwa kitufe A (cha kulia), halafu endelea na L mpaka urudi kwenye sekunde. Mbio zikianzishwa, bonyeza A, kisha C kufunga.

Hapa wengi hukosea: sekunde zikiwa zimepita 30, A huzirudisha sifuri lakini huongeza dakika moja. Ukiwa unasubiri, bonyeza A kila baada ya sekunde 15 hivi. Usianze mapema mno pia, maana ukiiacha dakika chache bila kuigusa inajitoa yenyewe kwenye marekebisho. Ukiwasha na mlio wa kila saa, italia yenyewe kwenye 1:00:00, 2:00:00 na 3:00:00. Ila mpaka uirekebishe, usiitumie kuwahi basi la kurudi nyumbani.

Taa yake ni hafifu: huangaza upande wa kushoto zaidi, kwa hiyo mazoezi ya alfajiri yatakupa shida kusoma sekunde. Haihifadhi muda wa mizunguko, hivyo kwa mazoezi ya kasi uwanjani tafuta nyingine. Betri ya CR2016 hudumu karibu miaka 7.

Feki zimejaa. Dukani, ikiwa inaonyesha saa ya kawaida, shikilia kitufe cha kulia kwa sekunde tatu. Neno CASIo lisipotokea, irudishe. Likitokea bado si hakikisho kamili, kwa hiyo kagua pia maandishi yaliyochongwa mgongoni, na uone kama vitufe vyote vitatu vinaitikia kwa mguso mmoja.