Kasuku wangu alikwenda kuogeshwa, akarudi bubu

Nilikwisha kuapa siandiki. Lakini leo asubuhi nimetoa taulo tu kabatini, na yeye akaanza tena: vuuuuuu. Mlio wa mashine ya kukaushia nywele, vile vile ulivyo, mpaka ule mkoromo wa kuzimika. Basi naandika.

Kasuku huyu tumemrithi kwa bibi yangu, mzaliwa wa Unguja aliyehamia huku Maskati. Ni wa kijivu, mkia mwekundu, na sauti ni ya bibi mtupu: "Hodi! Nani huyo? Pita, mlango wazi." Bibi katutoka miaka sasa, ila mgeni akija bado anakaribishwa naye. Wenye kasuku wa kijivu mnaujua ule unga mweupe wanaoupukuta. Nyumba imefungwa, kiyoyozi kinazunguka kutwa, mama akaanza kukohoa. Ndipo nikaambiwa kuna duka la ndege wanaogesha na kufundisha.

Mafunzo, haki yao nawapa. Kijana anayefundisha ana mkono mwepesi. Aliweka kidole pale chini ya tumbo, juu kidogo ya miguu, akakisukuma taratibu na kusema "panda". Akipanda, punje moja ya alizeti. Moja, si kiganja. Mara ya nne au ya tano, kasuku akawa ananyanyua mguu kabla hajaambiwa. Ningeondoka hapo, ningewapa nyota tano na bahashishi juu.

Sikuondoka. Nikampeleka chumba cha nyuma kwa mwogeshaji, mtu mzima, kavaa glavu nene za bustani. Hata salamu hakuitika. Akamrushia taulo, akamkamata kifuani kama anakamata kuku wa pilau. Nikamwambia, "Ami, usimbane kifua." Ndege hupumua kwa kifua kupanda na kushuka, ukikibana, hewa haingii. Akanitazama kama niliyesema Kichina. Kisha ikaja shampuu. Ya watu! Inanukia matunda! Kasuku anaogeshwa kwa maji matupu, ya uvuguvugu, yakimnyeshea kama manyunyu, tena mapema ili akauke kabla ya usiku. Sabuni inamwondolea mafuta ya manyoya. Hayo nayajua mimi ambaye sili kwa kazi hiyo. Halafu ile mashine, kaielekeza usoni moja kwa moja, ndege kafumba macho anatetemeka.

Nikapaza sauti. Akanijibu, "Dada, ndege tu huyo. Ulitaka nimkoshe kwa zamzam?" Na alipoona sinyamazi: "Akifa n'takupa mwingine."

Mwingine! Tangu 2017 ni marufuku kimataifa kufanya biashara ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Huyo mwingine ataruka mwenyewe kutoka Kongo? Na hata akija, atakuja na sauti ya bibi yangu?

Pesa nililipa, na mpaka leo sijui kwa nini nililipa.

Wiki mbili, labda zaidi, hakutoa neno. Akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifua. Watu wakibisha, kimya. Nikamkuta mama kasimama mbele ya tundu, anamwitia "Hodi, hodi" kwa sauti ya kuigiza bibi, na machozi yanamtoka. Hapo ndipo nilipotaka kwenda kuwavunjia duka.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota mbili, kwa ajili ya yule kijana. Sasa nikikumbuka glavu zile, moja inawatosha. Na zamzam? Hata hiyo moja naifuta. Lakini kijana alinipigia simu mwenyewe, akaniomba radhi kwa kosa lisilo lake, akanielekeza nitumie chupa ya kunyunyizia: nielekeze juu maji yamdondokee, nisimrushie usoni, na asipotaka nimwache. Nafanya hivyo sasa bafuni, na juzijuzi alifungua mbawa mwenyewe. Kama kijana huyu atafungua duka lake, niambieni. Kwa wale wengine, kanunueni chakula cha ndege mkipenda, ila chumba cha nyuma msiingie.

Jana shangazi alibisha. Kasuku akaitika kwa sauti ya bibi, wazi kabisa: "Hodi! Nani huyo?" Sote tukanyamaza, tunangoja ile "pita". Akatikisa kichwa: vuuuuuu.