Vitunguu nisivyovila: misimu miwili na aliamu za bustani

Mama yangu analima vitunguu Mang'ola, kule Karatu karibu na Ziwa Eyasi. Kwake kitunguu kikitoa ua ni hasara: katikati kinaota mti mgumu, hakikai ghalani, na dalali akikiona anashusha bei. Sasa nilipomwambia kwenye simu kwamba nimetoa pauni 39 kununua aliamu, yaani vitunguu vya kutoa maua tu, alinyamaza, halafu akauliza, "Na hivyo mnavila lini?"

Havilwi, mama.

Naishi Leicester, Uingereza, na bustani yangu ya nyuma ni udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unavua buti na kuliacha pale pale. Niliagiza mtandaoni aina nne za aliamu: 'Purple Sensation' 25, 'Globemaster' 3, Allium christophii 5, na 50 za Allium sphaerocephalon, vile vidogo kama punje nene ya kitunguu saumu. Kifurushi kilifika mwezi wa tisa. Viwili vya christophii vilikuwa laini, vina ukungu wa buluu, ukivibonyeza kidole kinazama. Nilivipiga picha nikawatumia wauzaji. Pesa ya hivyo viwili ilirudi, ila baada ya kuandika mara tatu.

Kosa la kupanda lilikuwa langu. Nyumbani kitunguu hukaa mgongo nje, nami nikavipanda hivyo hivyo, juu juu, kwa kiherehere cha mtoto wa mkulima. Mwezi wa tano upepo ulipokuja, mashina ya karibu mita moja yalilala chini na vichwa vyake. Hizi zinataka shimo lenye kina cha mara tatu au nne ya kimo cha kitunguu chenyewe, yaani sentimita 15 hivi kwa 'Purple Sensation'. Vuli iliyofuata nilivichimbua, nikachanganya kokoto ndogo kwenye udongo ili maji yasituame, nikavirudisha chini. Msimu wa pili hakuna hata kimoja kilicholala.

Na maua yenyewe? 'Purple Sensation' ni mpira wa zambarau iliyoiva, na yakifunguka 20 kwa pamoja hata mpita njia asiyejali maua anageuza shingo. Lakini aliyeniteka ni christophii. Halirefuki sana, linafika gotini tu, ila kichwa chake kinakaribia sentimita 20, na kila kijiua ni nyota ya ncha sita inayong'aa kama bati jipya. Asubuhi moja nilichuchumaa na kikombe cha chai nikimwangalia nyuki mmoja, wale wanene wenye manyoya, akizunguka kichwa kimoja. Hakuruka, alitembea kwa miguu kutoka nyota hadi nyota kama mtu anayekagua daftari la madeni. Chai ilipoa.

'Globemaster' niliingia mkenge. Zaidi ya pauni 5 kwa kitunguu kimoja! Viwili vilitoa vichwa vikubwa kweli, na vikadumu wiki nyingi. Cha tatu kilifunguka mapema, kichwa kidogo, rangi iliyokolea: 'Purple Sensation' mtupu. Hapo utafanya nini, umkamate nani, wakati ulipanda mwezi wa kumi na unaona ukweli mwezi wa tano?

Jambo ambalo picha za matangazo hazionyeshi ni majani. Yanaanza kukauka nchani kabla ua halijafunguka, na ua likiwa kwenye fahari yake chini kuna takataka ya njano. Nilimtumia mama picha, akajibu papo hapo: "Hivyo vimekomaa mwanangu, ng'oa." Usiyakate lakini, ndiyo yanayokilisha kitunguu cha mwaka unaofuata. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kiingereza, alinipa vipande vya jerania nipande mbele, na sasa majani yanafia mafichoni.

Kindi, ambao walinimalizia tulipu zote, aliamu hawajazigusa. Harufu, nadhani. Ukikata shina jikoni kunanuka kama umeanza kukaanga, ila ukibadilisha maji ya chombo harufu inaisha. Mwenye paka au mbwa awe macho: ni sumu kwao kama kitunguu cha kawaida.

Ndugu wa Dar wanaoniomba niwaletee, samahani. Vinahitaji wiki nyingi za baridi ardhini ndipo vitoe ua. Dar mtapata majani tu, mkibahatika. Tena mimea haiingizwi nchini bila cheti cha afya ya mimea, na mimi sitaki kesi uwanja wa ndege.

Wauzaji nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeibakiza kwa ajili ya ule ukungu na 'Globemaster' bandia. Mwaka huu naagiza tena sphaerocephalon, 100 safari hii. Pauni 7 kwa 50 ndiyo pesa iliyonifaa kuliko zote: zinachanua mwezi wa saba wakati wenzao wamekwisha, kichwa cha ukubwa wa yai la kwale, chini kijani, juu rangi ya damu ya mzee. Vichwa vikavu vya christophii nimevifunga uzi na kuvining'iniza sebuleni. Mama ameviona kwenye simu ya video, akasogeza uso karibu, akaniambia niangalie vizuri, mle ndani kuna mbegu.