Kochi gani kwa sebule ya futi 10 kwa 10?

Kabla hujauliza bei, pima mlango. Kochi langu la kwanza, la L, lilifika kwangu Kijenge, Arusha, juu ya kirikuu likiwa bado na nailoni yake, likagoma kwenye kona ya korido. Tulilisimamisha, tukang'oa miguu, tukaita majirani. Kijana wa gari akasema, "Dada, hili hata mkilivunja halipiti." Likarudi lilikotoka, nauli zote mbili juu yangu.

Kwa hiyo L naliweka la mwisho. Kwenye chumba kidogo linakula kuta mbili, na anayekaa pale konani hana pa kuweka miguu.

Namba moja ni kochi la watu wawili la kuagiza kwa fundi, lenye mikono myembamba. Makochi mengi yanayoanikwa kando ya barabara yana mikono minene kama mito. Chukua la inchi 72 lenye mikono ya inchi 9 kila upande: pa kukalia ni inchi 54 tu. Mwambie fundi mikono iwe inchi 3, unakalia zile zile 54 na kochi zima linakuwa inchi 60. Futi nzima imerudi. Mwambie pia aliinue kwa miguu ya inchi 6 ili ufagio upite chini. Vumbi la Arusha tunalijua. Kina cha kukalia kisizidi inchi 22, la sivyo sisi wafupi tunaning'iniza miguu kama watoto.

Nenda ulione kabla halijavalishwa kitambaa. Uliza kama sponji ni kipande kizima au chenga zilizoshindiliwa, maana chenga hubonyea mapema. Mbao mbichi nazo zikikauka zinapinda, na kochi linaanza kulia kila ukijigeuza.

La pili: viti viwili vya mbao vyenye mito ya kuvua. Vinahamishika, foronya zinafuliwa, ila Jumapili mchana huna pa kujinyoosha. Kochi-kitanda ni la tatu, na ni kwa mwenye wageni wa kulala tu. Lipime likiwa limefunguliwa.

Kitambaa? Ngozi ya kuiga Julai ni barafu, halafu inabanduka. Velveti inashika vumbi. Mimi nilichukua kitambaa kizito cha kahawia.

Kabla ya kulipa kianzio, tandika kanga sakafuni. Urefu wake ni karibu inchi 60. Ikunje upana ulingane na kina cha kochi, mgongo ukiwemo, kisha fungua milango yote. Wa chumbani kwangu ulipita juu ya pindo. Nikampigia fundi apunguze inchi 4.