Uzoefu wangu na homoni ya GA3 kwenye krisanthemamu na staisi, Usa River

Ninalima maua ya kukata kwenye robo ekari pembeni mwa Usa River, na wateja wangu wakubwa ni wapambaji wa kumbi za harusi wa Arusha mjini. Mpambaji anapofika shambani huangalia shina kabla ya kuangalia ua, kwa sababu ua lenye shina la sentimita 35 halifai kwenye chombo kirefu cha mezani, na hata likiwa zuri namna gani atalilipia nusu ya bei au ataliacha ndooni. Kwa hiyo nilipoambiwa kwenye duka la pembejeo kwamba kuna unga wa kupulizia majani unaorefusha mashina, niliununua siku hiyo hiyo bila kuuliza mengi. Nimeutumia kwa misimu miwili, na ninaandika kwa ajili ya mkulima mdogo mwenzangu anayefikiria kuununua.

Unga wenyewe ni asidi ya jibereliki, inayoandikwa GA3 kwenye kifuko, na huu ninaotumia sasa ni wa asilimia 90 katika vifuko vya gramu moja. Ni muhimu kuelewa tangu mwanzo kwamba hii si mbolea. Busta tulizozoea, yaani mbolea za kupulizia majani, hupeleka chakula kwenye jani, yaani naitrojeni, potasiamu, chuma, zinki na kadhalika, ilhali GA3 ni homoni inayoamuru seli za shina zirefuke, na haiongezi chakula chochote cha kujengea urefu huo. Homoni hii iligunduliwa kutokana na ugonjwa wa mpunga, pale mwaka 1926 mtafiti wa Kijapani Eiichi Kurosawa alipoonyesha kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachofanya miche ya mpunga irefuke kupita kiasi, ikawa myembamba na kuanguka. Laiti ningelijua hilo mapema, kwa sababu krisanthemamu zangu za msimu wa kwanza zilifanya vivyo hivyo.

Krisanthemamu hutia vitumba usiku unapokuwa mrefu, na hapa Arusha, karibu na ikweta, usiku hukaribia saa kumi na mbili mwaka mzima. Mche uliopandwa leo huanza kujiandaa kutoa maua ukiwa bado mdogo, shina likiwa halijapata nafasi ya kukua. Mimi sikuwa na taa shambani, hivyo nilidhani unga ungefidia. Nilipulizia mara mbili, gramu moja kwa lita kumi, mara ya pili vitumba vikiwa tayari vimeonekana. Mashina yalirefuka kweli, na wiki ya kwanza nilifurahi sana. Kisha nikaona kwamba urefu wote umekwenda kwenye shingo, yaani ile sehemu kati ya jani la mwisho na ua, ambayo ilikuwa nyembamba kama njiti ya fagio, na majani yalikuwa yamepauka kwa sababu mmea ulilazimika kutandaza chakula kile kile kwenye shina refu zaidi. Mpambaji mmoja alichukua ndoo nne za harusi ya Jumamosi, na Jumapili akanipigia simu: “Dada, maua yako ni marefu, lakini kufika saa mbili usiku yote yalikuwa yameinamisha vichwa.” Nilimrudishia fedha yake, na sikuona sababu ya kubishana naye, kwani nilikuwa nimebakiza ndoo moja nyumbani na yale ya kwangu yalikuwa yamelala vilevile.

Msimu wa pili nilifunga taa juu ya matuta ya krisanthemamu na kuziwasha kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku kwa wiki nne za mwanzo, ili mmea uone usiku mfupi uliokatwa katikati na uendelee kukua bila kutia vitumba. Nilivuna mashina ya sentimita 65 hadi 70, yenye majani hadi juu na shingo fupi, bila kupulizia homoni hata mara moja. Gharama ya umeme ipo, lakini kwa krisanthemamu sitanunua GA3 tena.

Kwenye staisi habari ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ninausifu unga huu kwa moyo wangu wote. Staisi huanza kwa kutandaza majani chini kama sahani, na hupenda kipindi cha baridi kabla ya kutoa mabua ya maua. Mwaka ambao baridi ya Juni na Julai haikukaza, matuta yangu yalikaa hivyo hivyo, majani manene ya kijani na hakuna bua hata moja, huku wateja wakiuliza kila wiki. Safari hii sikupulizia ovyo. Niliyeyusha kifuko kimoja cha gramu moja kwenye vijiko vichache vya spiriti, kwa sababu unga huu hauyeyuki vizuri ukitiwa moja kwa moja kwenye maji, na mara ya kwanza nilikuwa nimeukuta umetuama chini ya ndoo kama mchanga mweupe. Baada ya hapo niliujaza maji hadi lita mbili, ambayo ni takriban miligramu 450 kwa lita, nikamimina mililita kumi katikati ya kila mche kwa kutumia bomba la sindano lisilo na sindano. Lita mbili zinatosha miche 200, yaani tuta zima. Nilifanya kazi hiyo mara moja tu, miche ikiwa na miezi mitatu na nusu tangu kusiwa, na miche kumi ya mwisho niliimwagia maji matupu ili nipate cha kulinganisha.

Siku ya kumi na mbili, kijana anayenisaidia shambani aliniita nikaone. Katikati ya majani kulikuwa na kitu kama ncha ya kalamu, kijani kilichopauka, kikiwa na mbawa ndogo zilizokunjamana pembeni, na kila mche uliomwagiwa dawa ulikuwa nacho. Ile kumi ya maji matupu ilikaa karibu wiki tatu zaidi kabla ya kutoa bua la kwanza. Urefu wa mabua haukutofautiana sana, na unene pia haukupungua. Nilichopata ni muda na usawa, kwani miche yote iliyopata dawa ilichanua kwa pamoja, nikaweza kumwahidi mteja tarehe na kuitimiza.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye kifuko, nalo ni kubwa kwetu tunaoishi chini ya Mlima Meru, ni maji. Maji yetu mengi yana magadi, na ya kisima changu yalipopimwa yalionyesha pH (kipimo cha asidi na magadi) zaidi ya 8. GA3 huharibika upesi kwenye maji ya namna hiyo, kwa hiyo siku hizi ninayatia asidi ya sitriki kidogo kidogo hadi karatasi ya kupimia ionyeshe kati ya 5 na 6, na dawa iliyochanganywa siilazi hadi kesho. Maji hayo hayo yana floraidi, ile inayotia meno ya watu wa kwetu rangi ya kahawia, na gladiola haivumilii floraidi hata kidogo. Ncha za majani ya gladiola zangu zilipoungua nililaumu dawa, mpaka nikaona kwamba hata tuta ambalo halikupuliziwa limeungua kwa namna ile ile.

Upande wa busta nitasema kwa ufupi: iliyonisaidia ni yenye chuma, kwenye krisanthemamu ambazo majani yake machanga yalikuwa ya njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Majani yaliyochipuka baada ya kupulizia yalitoka ya kijani, ingawa yale ya zamani hayakurudi kikamilifu. Ninapulizia kabla ya saa mbili asubuhi, jani likiwa halijapata jua kali, na ninaongeza stika kidogo, yaani kinatishi cha kufanya dawa ishike kwenye jani.

Kuhusu ununuzi, kifuko changu cha kwanza kilikuwa kimefungashwa upya dukani, hakina tarehe, wala asilimia, wala namba ya usajili, na sina hakika hata leo kwamba niliyopulizia ilikuwa gramu kamili ya GA3. Mbolea za majani husajiliwa na TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania) na viuatilifu na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), ambao makao yao yako hapa hapa Ngaramtoni, kwa hiyo hakuna sababu ya sisi kuuziwa unga usio na jina. Vifuko vya sasa nimevinunua vikiwa vimefungwa kiwandani. Nimeshapanda matuta matatu ya staisi, vifuko vitatu viko kabatini, na miche kumi ya mwisho katika kila tuta itapata maji matupu kama kawaida.